Mama, si ungo: wasomaji wanauliza vilikokwenda vitu vya The Elder Scrolls za zamani

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari miwili tu. Nilisema kwamba tangu gemu ya Oblivion ikarabatiwe na kutolewa upya Aprili 2025, vijana wanaopita kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanjelwa wanabishana kuliko mashabiki wa mpira. Nikauliza: wewe uliyecheza zile za mwanzo, umemisi nini? Simu imejaa meseji. Nimechukua tano.

Kwa asiyejua, The Elder Scrolls ni gemu za kuvaa uhusika. Unaingia nchi ya kubuni iitwayo Tamriel, unakuwa mpiganaji, mwizi au mchawi, kisha unaishi humo. Ilianza Arena 1994, ikaja Daggerfall 1996, Morrowind 2002, Oblivion 2006 na Skyrim 2011. Ya sita ilitangazwa Juni 2018 kwa kivideo kisichofika dakika moja, milima na muziki, basi.

*Kamwene fundi. Nina miaka 21, nasoma chuo, naishi Kihesa, Iringa. Skyrim nimeimaliza mara tatu. Kaka yangu ananicheka, anasema sisi tunaonyeshwa njia kama watoto wa chekechea na gemu ni Morrowind. Nikaijaribu. Nikashuka melini, dakika kumi nimepotea, kapanya kameniua. Nimeifuta. Hivi raha ya kupotea ni ipi?*

Kamwene, mdogo wangu. Pole kwa panya, nitamrudia.

Kwenye Skyrim ukipewa kazi, kialama kinatokea kwenye dira juu ya kioo nawe unakifuata kama ng'ombe anavyofuata chumvi. Unaweza kumaliza kazi bila kujua aliyekutuma anaitwa nani. Kialama hicho kilianza Oblivion. Morrowind hakikuwepo. Ulielekezwa kwa mdomo, maelezo yakaandikwa kwenye kitabu chako, mengine juu yako.

Mwaka 2005 nilikuwa nashika zamu ya usiku kwenye intaneti kafe moja hapa mjini. Mteja akasahau CD ya Morrowind, sikuwahi kumwona tena. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, tena cha kuungaunga. Mwanzoni tu unatumwa mji wa Balmora kwa mzee Caius Cosades, naye anakutuma kwa Hasphat Antabolis wa chama cha wapiganaji. Huyo Hasphat hatoi habari bure. Anataka umletee kisanduku cha mafumbo cha Dwemer, watu waliotoweka zamani, kutoka gofu la Arkngthand. Anakuelekeza: toka mjini kwa kusini, vuka mto Odai, pita karibu na ngome ya Moonmoth, shika mashariki mpaka ukute daraja la kale la hao Dwemer. Gofu liko ng'ambo.

Sasa niambie, hivyo sivyo tunavyoelekezana Mbeya? Hakuna anayekutajia namba ya nyumba. Shuka Mafiati, rudi nyuma kidogo, kata penye mashine ya kusaga, muulize mama muuza ndizi, nyumba ina mparachichi mkubwa mlangoni. Ukifika umekwisha kuujua mtaa mzima, na mama wa ndizi anakujua.

Mimi nilichanganya mashariki na magharibi. Usiku wa kwanza na wa pili nilitembea upande ambao si wenyewe, nikachora ramani kwenye kauntabuku la kuandikia wateja, nikaikata, nikachora nyingine. Usiku wa tatu nikaliona daraja. Nikavuka mbio, nikakuta mlango wa duara umefungwa na hauna tundu la ufunguo. Nusu saa nzima naupiga rungu. Kumbe pembeni juu ya bomba kuna mpini wa kuzungusha, kama ule wa mashine ya cherehani. Nikauzungusha, mlango ukajifungua taratibu. Na kisanduku chenyewe sikukikuta juu ya madhabahu kinang'aa. Kiko kwenye rafu, kadogo, katikati ya makorokoro. Nilikipita mara mbili. Nilipokitia mfukoni, kabla sijasevu, umeme ukakatika.

Nilikaa gizani nacheka peke yangu kama mwehu. Kesho yake ile njia iliyonitesa siku tatu niliimaliza kwa dakika chache, kauntabuku limefungwa. Naijua mpaka leo. Ukiniuliza barabara ya Whiterun kwenda Riften kwenye Skyrim, niliyoicheza kwa mamia ya saa, siijui. Sikuwahi kuiangalia, nilikuwa naangalia dira. Ndicho nilichomisi kuliko vyote, kitabu cha maelekezo. Mengine yote nitakayoyataja hapa chini ningeweza kuishi bila yake.

Lakini kaka yako asikudanganye kwamba kila kitu kilikuwa asali. Baadhi ya maelekezo ya Morrowind yamekosewa kabisa, unaambiwa kushoto kumbe ni kulia. Kile kitabu mwanzoni kilikuwa vurugu, kila jambo limeandikwa kwa kufuata tarehe, mpaka nyongeza ya Tribunal ilipokuja ukaweza kuangalia kazi mojamoja. Na mapigano! Upanga unaona kabisa umempita adui tumboni, gemu inakwambia umekosa, kwa sababu ndani yake kuna hesabu ya bahati nasibu. Hilo sijalimisi hata siku moja.

Ndiyo maana panya akakuua. Nina uhakika ulifanya kama wote: ulikimbia njia nzima. Ile mistari mitatu chini ya kioo, wa kijani ni pumzi. Ukikimbia unakwisha, na ukiisha karibu kila pigo unakosa. Tembea, pumzika, halafu shika silaha ambayo mhusika wako amesomea. Usichukue kisu kwa sababu ndicho ulichookota, wakati yeye ni mtu wa shoka. Irudishe kwenye kompyuta, ipe wiki moja.

*Fundi, mimi ni mzazi, niko Tukuyu. Kijana wangu wa kidato cha tatu yuko likizo na binamu yake. Jana usiku nimewasikia kwa masikio yangu: "Zamani tulikuwa tunapaa, tunajitengenezea uchawi wetu, siku hizi wametunyima." Sijalala. Hiki ni kitu gani?*

Shikamoo mama. Si ungo, lala.

Wanao wanazungumzia Morrowind. Humo kulikuwa na uwezo wa kuelea hewani, na haukuwa pambo. Kuna ukoo wa wachawi, Telvanni, wanaoishi ndani ya uyoga mkubwa kama ghorofa. Ukienda kumwona mkubwa wao hukuti ngazi. Unapaa, au unabaki chini unamtazama. Nilipenda dharau ile, ya mtu kujenga nyumba ambayo mgeni asiyejua uchawi hawezi kupanda.

Oblivion ilipokuja wakaondoa, na sababu ni ya kifundi tu. Miji mikubwa iliwekwa kando na nchi ya nje. Ukifungua lango, kompyuta inapakia mji upya. Mtu akipaa juu ya ukuta angekuta mji wa maonyesho, watu hakuna. Skyrim ikaendelea na mtindo huohuo.

Kuhusu kujitengenezea uchawi, tangu Arena mpaka Oblivion uliweza kuchanganya nguvu mbili tatu, ukapanga ukali na muda wake, ukaupa jina unalotaka. Mimi niliunganisha kuruka juu sana na kushuka polepole kama unyoya, nikauita Loleza, kwa ajili ya mlima ulio juu yetu hapa. Ulikula nguvu zangu zote kwa mkupuo mmoja, lakini nilivuka bonde zima. Skyrim wamefuta hilo, unatumia uchawi uliokwisha kutengenezwa. Hapo vijana wako wana haki ya kulalamika, ila mama, saa nne usiku wawe kitandani.

*Kamwene. Mimi wa Kalenga. Iweje gemu la mapanga, ngao na mishale lisiwe na mkuki? Kwetu hili ni tusi.*

Kamwene mwenyeji wa kwa Mkwawa. Watu ambao babu zao walilipiga jeshi la Mjerumani Zelewski pale Lugalo, Agosti 1891, wengi wao mkuki mkononi, wana haki ya kununa. Morrowind mkuki ulikuwepo, tena ni fani inayojitegemea, unaupandisha kwa kuutumia. Ulikuwa na urefu wake: adui wa kisu hakufikii. Oblivion wakaufyeka, pamoja na silaha za kurusha na upinde wa mtambo. Upinde ule ulirudi kwenye nyongeza ya Skyrim ya 2012, Dawnguard. Mkuki haukupewa tena fani yake.

Na haukuondoka peke yake. Daggerfall ilikuwa na fani 35, Morrowind 27, Oblivion 21, Skyrim 18. Nyingine hazikustahili machozi, Daggerfall ilikuwa na fani ya kuongea na viumbe karibu kila aina na sijui nani aliyewahi kunufaika nayo. Lakini mkuki, kweli?

*Fundi, laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na imechoka. Oblivion mpya naisikia kwa jirani tu. Nifanyeje? Mwenye Laptopu Chovu, Makambako.*

Oblivion ile sahau. Inataka RAM ya GB 16 na nafasi ya GB 125, bando lako litalia kabla yako. Arena na Daggerfall kampuni yenyewe, Bethesda, ilizitoa bure, ya kwanza 2004, ya pili 2009. Anza na Daggerfall, na mashabiki wameifanyia toleo jipya liitwalo Daggerfall Unity lililokamilishwa mwishoni mwa 2023. Kompyuta ikikataa toleo hilo, ile ya asili ni nyepesi, ilitengenezwa kwa mashine za 1996, ila utaiendesha kupitia DOSBox, programu ya kuigiza kompyuta za zamani.

Utacheka picha zake, lakini sikiliza: mle ndani kuna benki. Unakopa, usipolipa jina lako linaharibika mkoa mzima. Sarafu zina uzito, ukiwa nazo nyingi zinakulemea, kwa hiyo unaandikiwa hati ya benki. Unanunua nyumba, unanunua hata meli. Usiku malango ya miji yenye kuta yanafungwa, na ukichelewa unaparamia ukuta kama mwizi. Nchi yake inalinganishwa na kisiwa cha Britania kwa ukubwa, ingawa kompyuta ndiyo iliyovipanga vijiji, kwa hiyo ukiona kimoja umeviona mia.

*Mimi na mshikaji wangu hapa Soweto, Mbeya, tumewekeana kreti ya soda. Yeye anasema kwenye Morrowind unaweza kumuua yeyote, hata mungu wao Vivec, na bado ukaimaliza hadithi. Mimi nasema ukiua mtu muhimu basi, imekwisha. Amua.*

Nimeamua, ila hutaipenda.

Kwenye Oblivion na Skyrim, mtu anayehitajika kwenye hadithi hafi. Anaanguka au anapiga goti, anasubiri kidogo, anainuka kama hujamgusa. Morrowind anakufa kama mtu mwingine. Yanatokea maandishi kwamba uzi wa unabii umekatika, kwa hiyo rudi pale uliposevu au endelea kuishi katika dunia uliyoiangamiza mwenyewe. Wengi wakiyaona wanarudi mbio, na nadhani wewe ulifanya hivyo ukahitimisha kwamba imekwisha.

Aliyeendelea ndiye aliyegundua. Vivec akifa, kwenye maiti yake kuna glavu ya chuma unayoihitaji kummaliza Dagoth Ur, adui mkuu wa hadithi. Unaichukua mpaka Tel Fyr, kule chini wanakotunzwa wagonjwa wa corprus, kwa Yagrum Bagarn, Dwemer wa mwisho aliye hai, mtu mnene aliyewekewa miguu ya mashine kama ya buibui. Hakubali kila mtu, lazima uwe na jina, na umletee maandishi ya fundi wao wa kale. Akiitengeneza unaweza kuivaa, ila kuivaa kwenyewe kunaumiza vibaya. Mwenye afya haba anaanguka palepale, glavu mkononi. Ukinusurika, twende mlimani kwa Dagoth Ur ukamalize kazi.

Kwa hiyo kreti unalipa wewe. Mwambie mshikaji wako apite na moja hapa Mwanjelwa, ya baridi, chupa nitarudisha.