Programu ndogo na jukwaa lake: jibu langu kwa mwenye programu ya vicoba

Mkuu, umeuliza kama nyinyi mnaoandika programu huria ya hesabu za vicoba hapo Sinza mfungue jukwaa lenu la maswali, au mbaki kwenye grupu la WhatsApp mlikozoea. Jibu langu ni fungueni, lakini kwanza wapatikane watu wawili wa kulitunza. Mmoja hatoshi. Nasimamia jukwaa la watumiaji wa programu ya maduka ya dawa hapa Dar kwa miaka kadhaa sasa, na kabla ya hapo nilikuwa msimamizi wa grupu lao.

Nianze na grupu, maana wengi waliochangia hapo juu wanalitetea, na wana haki. Mwenye duka Mbagala akituma skrinshoti saa mbili usiku kwamba risiti haitoki, hajafunga mlango ameshajibiwa. Hakuna jukwaa litakalofikia kasi hiyo, kwa hiyo grupu msiliue. Shida inaanza baada ya jibu. Kwetu swali lililorudi kuliko yote lilikuwa la mtu aliyebadilisha kompyuta na programu ikawa haiioni tena mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Mwenzetu mmoja alilijibu vizuri sana kwa ujumbe wa sauti, hatua kwa hatua. Jibu lile likafunikwa na salamu za asubuhi, rambirambi na matangazo ya viwanja Chanika. Mfamasia wa Tabora aliyeingizwa baadaye hakuyaona yaliyosemwa kabla yake, na hata angeyaona, sauti huitafuti kwa neno. Mwenzetu akaeleza upya. Akaja mwingine, akaeleza tena. Ikafika siku akaacha kujibu, na sikumlaumu hata kidogo. Watu wenye ujuzi huwa wanatutoka namna hiyo, bila ugomvi na mtu, na mradi mdogo ukipoteza watu wa aina hiyo hauna wa kuwaziba.

Swali hilo hilo likikaa jukwaani na kichwa kinachoeleweka, linajibiwa mara moja. Google inaliokota, na mtu wa Kahama asiyejua hata kama grupu lenu lipo analikuta kwa Kiswahili. Wengi wanaofaidika na jukwaa letu hawajawahi kujisajili. Wanasoma, wanatengeneza, wanaendelea na kazi. Wenzangu walikuwa wakiniambia jukwaa limepoa kwa sababu wanaoandika ni wachache. Mimi nalihesabia hao wasioandika.

Umetaja pia Slack na Discord, zile programu za mazungumzo ya vikundi. Slack ya bure, tangu Septemba 2022, inakuonyesha mazungumzo ya siku 90 za mwisho tu. Kwa vicoba hilo ni baya mno: maswali ya mgao huja mwisho wa mwaka, na mgao wa mwakani ukifika, majibu ya mwaka huu hamyaoni tena. Discord nayo, mazungumzo yake hayatokei kwenye Google. Na wenye umri wangu wanakumbuka Yahoo Groups: yaliyokuwemo yalifutwa Desemba 2019, na mwaka uliofuata huduma yenyewe ikafungwa.

Sasa kazi yenyewe. Sisi tunatumia Discourse, programu huria ya kuendeshea majukwaa iliyotoka 2013. Inataka seva yenye RAM ya GB 1 kwa uchache, ila 2 ndiyo inayotuliza roho. Pesa ya seva haitawasumbua. Kitakachowasumbua ni barua pepe. Jukwaa linaitegemea kuthibitisha akaunti na kutoa taarifa, lakini kampuni nyingi za seva hufunga mlango namba 25, ambao seva hutumia kutuma barua, hivyo mtahitaji huduma ya pembeni ya kutuma barua, na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenu, ziwekwe sawasawa kwenye domeni (jina la tovuti yenu), la sivyo ujumbe unaangukia kwenye taka. Halafu hata ukifika, waweka hazina wengi wa vicoba hawafungui barua pepe kabisa! Kwa hiyo sisi swali likija kwenye grupu tunalijibu hapo hapo, kisha jioni mmoja wetu analiandika jukwaani pamoja na jibu, bila jina la duka wala namba ya simu, na linki inarudi kwenye grupu. Kazi hiyo haionekani na haina shukrani, na ndiyo inayolifanya jukwaa liwe na maana. Hao watu wawili niliowataja ni wa kupokezana kazi hii, maana mmoja atasafiri, atafiwa, atabanwa na ajira.

Discourse ni nzito kwa simu za zamani. Kama watu wenu wengi ni wa simu na bando la kupimia, tazameni phpBB, programu nyingine huria ya majukwaa. Ni ya tangu 2000, sura yake si ya kisasa, lakini kurasa zake ni nyepesi na inakaa kwenye hosting ya kawaida ya PHP.

Seva iwe wapi? Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa hoi. Mtumiaji wa hapa na seva ya hapa, watoa huduma wao wakiwa wameunganishwa TIX, kituo cha kubadilishana intaneti ndani ya nchi, hawana haja ya kupita baharini. Vicoba vyote mnavyohudumia viko Tanzania, kwa hiyo mimi ningeweka hapa hapa.

Upande wa sheria watu wanaupita haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziligusa majukwaa pia, na JamiiForums ilisimama kwa muda Juni mwaka ule. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, basi waandikieni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, muulize kabla ya kufungua. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkikusanya majina na barua pepe za watu inawahusu, na Tume yake inasajili wakusanyaji. Kwenu ni zito kuliko kwetu, kwa sababu ipo siku mtu atabandika skrinshoti yenye majina ya wanakikundi na mikopo yao. Machapisho ya mwanachama mpya yapitiwe kwanza na msimamizi. Hapo msilegeze.

Domeni isiandikwe kwa jina la mtu binafsi. Kuna kikundi nilichokuwa nakutana nacho Kijitonyama ambacho domeni ilikuwa ya mwenzao mmoja, na seva inalipiwa kwa kadi yake. Akahamia nje, kadi ikaisha muda, hakuna aliyejua nywila, na majibu ya miaka yakapotea yote. Wekeni nywila mahali wanapofika angalau watatu. Nakala za akiba zikae nje ya seva, na mara moja moja mzirudishe kwenye mashine nyingine mwone kama kweli zinafunguka.

Na kama watu wawili hawapatikani, msifungue. Jukwaa ambalo swali la mwisho lina miezi minane bila jibu linamwambia mgeni kwamba programu imekufa. Kwa sasa tumieni sehemu ya Discussions kwenye GitHub, pale pale msimbo wa programu yenu ulipo. Ni bure na inatafutika. Udhaifu wake ni kwamba katibu wa kikoba hatafungua akaunti ya GitHub, hivyo maswali yake mtayaandika nyinyi.

Mkiamua kufungua, msitangaze jukwaa likiwa tupu. Pitieni grupu lenu, mtoe maswali yaliyojirudia, muandike majibu, hasa ya mgao na ya riba, ndipo mtume linki. Nina orodha ya mipangilio ya barua pepe na ya kuzuia roboti wanaojisajili, nikumbushe hapa nikuwekee.