Ukitaka Kumtazama Konstebo wa Lochdubh, Anza Mwanzo

Tamthilia ya Hamish Macbeth, ambayo BBC iliirusha kati ya mwaka 1995 na 1997, niliianza vibaya hata nikakaribia kuiacha. Rafiki aliyenipa flashi alinieleza kwamba ni kisa cha polisi wa Lochdubh, kijiji cha kubuni huko Uskoti, na mbwa wake, nami, kwa kuwa nimezoea filamu za upelelezi ambazo maiti huonekana kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, nikaruka msimu wa kwanza nikidhani kwamba mambo makubwa yako mbele. Sikuelewa kitu.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uanze na sehemu ya kwanza na usiruke hata moja. Zote ni 20 tu katika misimu mitatu, na utamu wake hauko katika kumjua mkosaji, bali katika kuwazoea wanakijiji wenyewe, ambao ukiwakosa mwanzoni hutawapata tena. Konstebo huyo, anayeigizwa na Robert Carlyle (ndiye aliyekuja kuwa adui wa James Bond mwaka 1999), hukwepa kupandishwa cheo asije akahamishwa, na huipinda sheria pale anapoona kwamba kuifuata kutaharibu zaidi.

Jambo hilo alinifafanulia mjomba wangu, askari mstaafu, tulipoirudia pamoja nyumbani kwake Langoni, mtaa wa Lamu. Alisema kwamba katika mji kama Lamu, ambao mbuzi akiibwa alfajiri jina la mwizi huwa limeshafika barazani kabla ya adhuhuri, kazi ya polisi si kutafuta nani, bali ni kuamua namna ya kumkabili mtu ambaye jioni atasimama naye safu moja msikitini. Kwa hiyo, ukiweza, itazame na mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo.

Washa pia maandishi ya chini, kwa sababu Kiingereza cha Uskoti kinawashinda hata waliosoma. Riwaya za M. C. Beaton ambazo ndizo chimbuko la tamthilia hii, zilizoanza kutoka mwaka 1985, ziweke kando kwanza: humo Hamish ni mrefu mwenye nywele nyekundu, na mbwa wake ni wengine kabisa. Picha zilipigwa Plockton, kijiji cha pwani chenye miti iliyopangana ufukoni mfano wa mitende, jambo ambalo mjomba alikataa kuliamini katika nchi ya baridi vile.

Limebaki suala la mbwa, Wee Jock, kijibwa cheupe. Lamu ni mji wa paka, na sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hivyo mjomba alianza kwa kunung'unika kila kijibwa kilipopanda garini. Siku mbili baadaye alikuwa akiuliza mbona hakionekani. Katika msimu wa kwanza iko sehemu inayokihusu, ambayo sitaisimulia; ndiyo niliyoiruka, na ndiyo iliyofanya yaliyofuata yasinieleweke. Tulipofika hapo mjomba alivua kofia yake, akaniambia nisimamishe kidogo, akatoka kukaa barazani.