Barua kwa mwanangu: Uliloniuliza kuhusu maumbile

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili usiku, na asubuhi nikairudia kabla ya chai. Unaniuliza kama ni kweli anachosema mwenzako wa kazini, kwamba wanawake ni wachache kwenye kompyuta kwa kiasi fulani kwa sababu ya maumbile. Umeniambia ameyatoa kwenye ule waraka wa James Damore, mhandisi aliyefukuzwa Google mwaka 2017 kwa kuuandika.

Sitakudanganya kwamba wanawake na wanaume hawana tofauti. Nimelea wa kike na wa kiume, nimeziona. Lakini mwulize mwenzako jambo moja. Marekani, mwaka 1984, kati ya kila wahitimu 100 wa shahada ya kompyuta, wanawake walikuwa kama 37. Miaka 25 hivi baadaye wamebaki kama 18. Maumbile gani hayo yanayogeuka ndani ya kizazi kimoja? Tena mwanzoni kabisa, ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza, ilipozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, walioiandikia programu zake walikuwa wasichana sita. Wakati ule ilihesabiwa kazi ya ukarani. Kwenye karamu ya uzinduzi hawakualikwa.

Karamu hiyo naijua.

Unajua nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma kabla hujazaliwa. Usilolijua ni hili. Mwezi mmoja mishahara iligoma kutoka, watu wamejaa kwenye korido wanalalamika. Nikakesha palepale, nikaipitia programu mstari kwa mstari, hadi nikakuta kwamba kwa mtumishi mpya asiyefikisha hata siku moja kazini, mashine ilikuwa inagawanya kwa sifuri na kukwama. Alfajiri mishahara ikatoka. Kwenye kikao cha Jumatatu mkuu wa kitengo akampongeza kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe, ana miezi minne tu kazini, kisha akanigeukia: "Dada, tuletee chai." Nikaleta. Mwaka uliofuata kijana yule akawa mkubwa wangu. Nikaomba kuhamia masjala, na nyumbani nikasema baridi ya kile chumba imenishinda. Baba yako hadi leo anajua ni baridi.

Angepita mtu na daftari akituhesabu, angeandika kwamba nimeondoka kwa hiari, huyu kompyuta hazipendi. Na mwenzako angeichukua hesabu hiyo akaiita maumbile.

Kwa hiyo ulipoandika mwishoni, kama jambo dogo tu, kwamba unafikiria kuhamia masoko kwa kuwa "labda kuandika programu sikupendi kihivyo", nilishtuka, mwanangu. Ni kazi yenyewe huipendi, au ni vile vikao ambavyo unasema wazo lako halisikiki mpaka mwanamume alirudie? Ukiniambia ni kazi, sitakuuliza tena, nenda masoko kwa baraka zangu. Lakini usinijibu kwa simu. Njoo Jumamosi, tukae wawili.

Mama yako