Gari la mwaka 1974 na safari ya kilomita 900

Ndugu, nimekuelewa: gari lako la mwaka 1974 limelala gereji miaka miwili, injini inawaka vizuri, nawe unauliza kama kubadilisha oili kutatosha kwa safari ya kilomita 900. Hakutatosha. Gari likisimama, kinachozeeka kimyakimya ni mpira, kwa hiyo minya mipira ya rejeta injini ikiwa baridi, na ukiona nyufa au ulegevu ibadilishe pamoja na mkanda wa feni. Tairi nalo laweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri na bado likawa limechoka. Soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT, yaani namba ya utengenezaji inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, ambapo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na likizidi miaka 10 usisafiri nalo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hivyo yamwagwe yote na kutiwa mapya, kazi ambayo ningemwachia fundi, hasa kama pedali inazama. Mimi niliwahi kulala njiani kwa sababu ya platini zilizoungua, yaani vidude vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi, kitu cha kutosha mfukoni, kwa hiyo beba za akiba. Wiki moja kabla ya safari, liendeshe kilomita 80 mfululizo, kisha uchungulie chini kama kuna matone.