Gari linanuka mpira unaoungua? Usikimbilie kununua mkanda

Mkanda wa kwanza wa injini (fenibelti) niliubadilisha Kibaha, kando ya barabara, nikiwahi msiba Morogoro. Harufu ilianza Mbezi Mwisho nikalilaumu lori lililokuwa mbele yangu. Lori likakata kona, harufu ikabaki na mimi. Fundi akafungua boneti, akanionyesha fenibelti ilivyong'aa upande wa ndani kama kioo, akasema, "Bosi, huu umekwisha." Akafunga mpya, nikalipa, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye harufu ile ile. Nikabadilisha tena, safari hii nikinung'unika kwamba nimeuziwa feki. Mara ya tatu nilikuwa sina hela ya kuchezea, nikampelekea mzee mmoja mwenye gereji ya uani mtaani kwetu.

Mzee hakugusa spana. Aliniuliza: "Linanuka saa ngapi?" Nikaona swali la ajabu. Akafafanua: ukiwasha asubuhi, ukiwa kwenye foleni, ukipanda mlima, au ukishapaki? Harufu iko mbele au iko kwenye tairi? Ukiwasha taa na kiyoyozi inazidi? Nikakumbuka kwamba ndiyo, usiku na taa zote, tena kiyoyozi kikiwaka, ndipo inanuka zaidi, na kuna mlio wa kulialia nikiwasha asubuhi.

"Mwanangu, mkanda haujiunguzi. Kuna kitu kinaushika."

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, aliuchomoa mkanda, akaniambia nizungushe puli moja moja kwa kidole. Ya pampu ya maji ilizunguka vizuri, kimya. Ya oltaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, ilizunguka nusu, ikakwama, ikakwaruza kama mtu kamwaga mchanga ndani. Beringi ilikuwa imekufa. Ikipata moto inakuwa nzito, puli inashindwa kwenda na kasi ya mkanda, mkanda unateleza juu yake na kuungua. Na umeme ukihitajika mwingi, oltaneta inakuwa nzito zaidi, ndiyo maana harufu ilizidi nikiwasha taa. Beringi ilinigharimu pungufu ya ile mikanda miwili.

Jaribio hilo unaweza kulifanya mwenyewe ukiwa na uvumilivu. Kama harufu inakuja ukiwasha kiyoyozi tu na ukikizima inakata, anzia kwenye puli ya kompresa. Angalia pia kama kuna oili au maji ya rejeta yanadondokea mkanda, maana mkanda ulioloa unateleza hata ukiwa mpya. Kwenye magari ambayo mkanda unakazwa kwa mkono, ubonyeze kwa dole gumba katikati ya puli mbili: ukizama zaidi ya kama sentimita moja, umelegea. Usikaze kupita kiasi nao, utaua beringi nyingine.

Lakini usiendelee kuendesha huku unanuka. Kwenye magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri inawaka, mshale wa temperecha unapanda, na hapo hesabu si ya mkanda tena.

Kama harufu inatoka kwenye tairi, ni habari nyingine. Shuka, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika: hendibreki haikuachia, au pini za kalipa (kifaa kinachobana disiki) zimekauka grisi. Zikisafishwa na kupakwa grisi yake ya breki, mara nyingi yanaisha. Rimu zote zikiwa za moto baada ya kushuka mlima Kitonga, hapo ni mguu wako uliokaa kwenye breki. Paki mahali salama ziache zipoe, na usimwagie maji disiki. Siku nyingine shuka kwa gia ndogo.

Wenye gari la gia za mkono, harufu ikija mlimani na mizunguko ya injini ikapanda bila gari kukaza mwendo, hiyo ni klachi. Ukiona moshi wa bluu karibu na ekzosi, tafuta oili inayovuja kutoka tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini). Na ikinuka plastiki iliyoungua ndani ya gari, karibu na dashibodi, zima, shuka, toa kichwa cha betri. Usimruhusu mtu akuwekee waya mahali pa fyuzi ati ufike tu nyumbani.

Mwezi mmoja baada ya beringi, nikiwa Mbezi Mwisho pale pale, harufu ikarudi. Moyo ukanidunda. Nikapaki, nikachungulia chini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini mmoja ulikuwa umenata kwenye ekzosi, umeyeyuka nusu, maandishi ya duka bado yanasomeka. Nikasubiri ipoe, nikaubandua kwa kijiti cha mshikaki nilichopewa na muuza nyama wa kituoni.