Mtoko wa Sanlitun: mambo ya kujua kabla hujatoka hosteli

Wadogo zangu mnaoanza masomo Beijing, muhula hautachanganya kabla hamjaalikwa Sanlitun. Ni mtaa wa balozi upande wa mashariki ya jiji, na balozi za Tanzania na Kenya zipo huko huko. Mwaka 2008, mwaka wa Olimpiki, lilifunguliwa pale eneo la maduka ambalo leo linaitwa Taikoo Li. Ukifika utakuta baga, piza, bia za Ubelgiji, menyu za Kiingereza na wageni wa kila rangi wamejaa vibarazani. Raha, sikatai. Ila cha Ulaya pale ni menyu tu. Polisi, malipo na usafiri ni vya China.

Pigeni hesabu mapema. Ufadhili wa serikali ya China humpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza posho ya yuan 2,500 kwa mwezi, wa uzamili 3,000. Kokteli moja Sanlitun mara nyingi hupita yuan 50, wakati bia ya Yanjing dukani ni yuan chache tu. Kuleni kantini kwanza. Wapiga debe wa nje ya baa msiwafuate, hata wakiahidi kinywaji cha bure.

Kuhusu bili, angalieni mmetoka na nani. Mchina aliyekualika atalipa yeye, na uking'ang'ania kulipa wewe mkahawani utamwaibisha. Mwalike siku nyingine, hata kwa tambi za karibu na chuo. Wazungu kwa kawaida kila mtu hulipa alichokunywa. Waafrika tukikaa pamoja, mmoja huagiza kwa mbwembwe halafu wote tunachangishwa, basi ulizeni kabla ya kukaa.

Simu ndiyo pochi, ramani na teksi. Programu za malipo za Alipay na WeChat hukubali kadi za benki za nje. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato kwa kadi hizo, yakizidi hukatwa asilimia 3. Ramani za Google zitawapoteza, tumieni Amap. Chaji ikiisha usiku mmekwama, kwa hiyo kodini betri ya kubeba pale kaunta simu ikiwa bado ina chaji kidogo: kuikodi kwenyewe kunahitaji simu inayowaka. Anwani ya chuo kwa herufi za Kichina iandikeni pia kwenye karatasi.

Sasa polisi. Sheria inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 16 na zaidi atembee na pasipoti yake, na Sanlitun ukaguzi wa ghafla hutokea. Wanaweza kufunga mlango wa baa na kuwapima watu wote dawa za kulevya kwa mkojo au nywele. Nywele hutunza habari za miezi. Rafiki aliyevuta bangi likizoni Kanada, ambako ni halali, anaweza kukutwa nayo mwilini Beijing, na sheria haitamuuliza alivutia wapi: kizuizi hadi siku 15, halafu kurudishwa kwao. Sigara ya kujisokotea unayopewa na mtu usiyemjua ikatae, hata kama unaona utaonekana mshamba.

Lipo na jaribu lingine linalotuhusu sana sisi Waafrika. Mtu atakufuata, atakusifu unavyocheza, kisha atakuahidi pesa ya kucheza au kupiga ngoma klabu kila Ijumaa. Viza ya masomo bila kibali haikuruhusu. Faini ya kufanya kazi kinyume cha sheria ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito unawekwa ndani pia. Hiyo faini ndogo kabisa ni posho ya miezi miwili ya shahada ya kwanza.

Kurudi: wanaokaa Haidian, wilaya yenye vyuo vingi, hupanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 10, kituo cha Tuanjiehu, bila kubadilisha treni hadi kituo cha Zhichunlu. Treni za mwisho ni karibu saa tano usiku. Mkichelewa, gari la Didi, yaani teksi ya kuita kwa simu, litawala posho, na hosteli nyingi hufunga geti. Kila matroni ana ukali wake. Ukiamua kulala kwa rafiki anayeishi nje ya chuo, sheria inataka ujiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ule ndani ya saa 24. Kwa hiyo afadhali uangalie saa ikiwa bado saa nne na nusu.