Maswali ya Wasomaji: Kuchora Pespektivu kwa Kitabu

*Salaam. Nina kitabu cha kujifunzia pespektivu, yaani kuchora vitu vionekane vina kina na umbali. Masanduku ya mazoezi yanatoka vizuri, lakini nikichora nyumba za huku kwetu kwa nukta mbili za kutokomea, kona ya mbele inachongoka kupita kiasi na kuta zinakimbia. Hatua zote nimezifuata. Shida iko wapi?*
Msomaji, Mikindani

Shida iko kwenye umbali kati ya nukta zako za kutokomea, yaani pale mistari inayokwenda mbali inapoonekana kukutana. Vitabu vingi vya kuanzia huziweka zote mbili ndani ya ukurasa ili mchoro uenee, na mifano yao ni visanduku vya sentimita tatu au nne, kwa hiyo kasoro haionekani. Ukichora nyumba inayojaza ukurasa kwa nukta zilezile, ni kama unaitazama ukiwa umebandika pua ukutani.

Upana wa mchoro usizidi nusu ya umbali kati ya nukta. Theluthi ni salama zaidi. Karatasi ya A4 ikilazwa ina sm 29.7. Nukta zikikaa kwenye kingo zake, nyumba isizidi sm 14, na ikiwa 9 au 10 itatulia vizuri. Ukitaka nyumba ya sm 20, nukta ziachane sm 60, yaani zitoke nje ya karatasi. Hapo bandika karatasi katikati ya kipande cha plaiwudi, endeleza mstari wa upeo (ule wa usawa wa macho, unaobeba nukta zote mbili) hadi kwenye mbao, gongomea msumari mdogo kwenye kila nukta na uufunge uzi. Ukivuta uzi hadi kona ya nyumba unapata mwelekeo wa mstari bila kuhangaika na rula ndefu.

Kuna kipimo ambacho vitabu vingi havikitaji. Chukua kona ya karatasi nyingine uiweke pale mistari miwili ya msingi inapokutana, kwenye kona ya nyumba iliyo karibu nawe. Pembe uliyochora ikiwa chini ya nyuzi 90, umeshatoka nje ya duara ambalo kipenyo chake ni umbali kati ya nukta zako, na jicho litakataa kuamini kwamba hiyo ni kona ya nyumba. Pandisha kona hiyo karibu na mstari wa upeo, au zitawanye nukta. Kuta na nguzo ziache wima kabisa. Kuzilaza ni kazi ya nukta ya tatu, nayo huihitaji kwa nyumba ya chini.

*Kitabu kinasema nguzo za baraza zipangwe kwa kutumia ulalo. Sikuelewa, nikawa napunguza sm 2 kwa kila nguzo. Mbona zinaisha kabla baraza halijaisha?*
Msomaji, Lindi mjini

Kwa sababu 6, 4, 2 inafuatwa na sifuri. Nguzo halisi hazipungui kwa kiasi kilekile.

Simamisha nguzo ya kwanza ya sm 6, nukta ya kutokomea iwe sm 18 kulia kwake. Vuta mstari kutoka kichwani hadi kwenye nukta, na mwingine kutoka kitakoni. Ya pili iweke sm 6 kutoka ya kwanza. Mistari hiyo itaikata kwenye urefu wa sm 4. Tia alama katikati ya nguzo hii ya pili. Sasa chora ulalo, yaani mstari wa mshazari: anzia kichwa cha nguzo ya kwanza, pitisha mstari kwenye alama hiyo, uteremshe mpaka uguse mstari wa vitako. Unapogusa ndipo inaposimama ya tatu. Rudia kutoka ya pili kupitia katikati ya tatu.

Ukipima, urefu utakuwa sm 6, 4, 3 na 2.4, nafasi kati yake sm 6, 3 na 1.8. Ukikosea milimita moja mwanzoni, kosa hukua kila unapoongeza nguzo, kwa hiyo chonga penseli. Katikati ya nguzo unaruhusiwa kuipata kwa rula, maana nguzo imesimama wima mbele yako. Mstari wa vitako unazama kwenye kina, huo rula haiufai.

Ulalo huohuo ndio unaokupa kilele cha paa la mabati lenye miteremko miwili. Kwenye ukuta wa ubavu chora ulalo kutoka kona hadi kona, pande zote mbili, kisha pandisha mstari wima kutoka zinapokatana. Kilele kinakaa juu ya mstari huo. Wengi hukiweka katikati kwa rula, na paa linaonekana kama linakuegemea wewe mtazamaji.

*Mstari wa upeo nauweka wapi? Picha za kitabuni ni za barabara za Ulaya.*
Msomaji, Mtwara

Kwenye usawa wa macho yako, popote ulipo. Nenda ufukweni Msimbati: pale bahari inapokutana na mbingu ndipo penyewe. Ukikaa mchangani unashuka nawe, ukisimama unapanda. Lindi mjini, ambako nchi kavu ya Kitunda, ng'ambo ya maji, inaziba upeo, tumia watu. Kwenye ardhi tambarare, macho ya watu wenye urefu kama wako hukaa kwenye mstari mmoja, wa karibu na wa mbali. Miguu ndiyo inayopanda kadiri mtu anavyokwenda mbali. Kuwashusha vichwa watu wa mbali ndilo kosa la kawaida, na wanaonekana kama wamesimama shimoni.

Ukichorea Mikindani kutoka juu kwenye Boma, watu wote wa barabarani wataangukia chini ya mstari, na kingo za mapaa yaliyo chini ya macho yako zitapanda kuuelekea, si kushuka.

*Penseli gani?*
Msomaji, Masasi

Mistari ya kuongozea H au 2H (penseli ngumu) kwa mkono mwepesi, mchoro wenyewe HB au B (laini zaidi). 2H ikikandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi ambao raba haiuondoi.